Udi Uliofukiziwa Kima

Mwanaarusi alikuwa akimpimia mteja karafuu kwenye kibanda cha shangazi yake, soko la Garsen, alipoinua pua ghafla na kuuacha mkono hewani. Karafuu zikamwagika. Mteja akalalamika, lakini hakumsikia. Harufu ilikuwa imempita usoni, ikaenda, ikarudi tena na upepo.

Ulikuwa udi. Wala si udi huu wa kununuliwa na kila mwenye mkono. Ulikuwa udi wa marehemu bibi yake, Bi Asmaa wa Kipini, na kwa Bi Asmaa kila mjukuu wa kike alikuwa na mchanganyiko wake. Uliungwa mara moja tu kwa ajili ya arusi yake, sukari ikichemshwa pamoja na msandali, ambari, miski na maua ya mkadi yaliyokaushiwa kivulini, kwa vipimo ambavyo havikurudiwa kwa mjukuu mwingine. Nusu alibaki nayo bibi arusi. Nusu ilitiwa kwenye kopo na kupelekwa kwa bwana arusi, ili siku ya kuingia ndani wanukie harufu moja. Udi wa Mwanaarusi uliungwa, kopo likapelekwa, na bwana arusi hakuja. Nusu yake mwenyewe alikwenda kuimwaga mtoni kabla hina haijamtoka mikononi. Kwa hiyo duniani ilibaki nusu moja tu, na alijua vizuri ilikuwa kwa nani.

Akageuka. Aliyekuwa akipita ni mwanamke mnene mwenye ovaroli ya kijani na kilemba, anachungulia mabakuli ya viungo.

"We dada, ngoja! Hizo nguo zako umezifukiza udi gani?"

Mwanamke akajinusa bega, akacheka. "Hii? Hii si yangu, dada. Hii ni ya kima."

"Ya nani?"

"Ya kima, hawa wa msitu, wenye kishungi. Mimi Asenath, nafanya kazi kule kituo cha kima, njia ya Idsowe. Sisi tunawafukizia kila asubuhi. Sasa udi imeisha, ndio mkubwa amenituma nitafute fundi anaweza kutengeneza ile ile. Nimezunguka soko yote, nimechoka."

Mwanaarusi alishika ukingo wa meza. "Mkubwa wako n'nani?"

"Sadik. Yule mtoto wa Mama Kaltuma."

Jamani, mwanamke wa Kipini unaweza kumwacha siku ya arusi, ukala mahari yake na kumtia midomoni mwa watu, na bado ukapata wa kukutetea. Lakini umchukulie udi wake wa arusi ukamfukizie mnyama mwenye mkia! Hapo hata msuluhishi huchukua bakora yake akajiendea zake. Mwanaarusi alihisi masikio yanawaka moto.

"Hebu kaa, Asenath," alisema kwa sauti tamu mno, akamvutia kigoda. "Ndoo unieleze. Kima wanafukizwa udi wa nini? Wanaolewa?"

Asenath, ambaye hakuwa na hila hata chembe, akakaa na kueleza. Kima wale walikuwa wameokolewa, wengine kwenye mitego, wengine kwenye mafuriko ya El Niño yalipobeba msitu. Walipowekwa vizimbani wakawa wanajing'oa manyoya, wanapigana, na majike hayakubali madume. Ndipo wakubwa wakaleta habari ya harufu. Vitambaa vilitiwa mdalasini, vanila, na maji ya lavenda kutoka Ulaya, vikatundikwa mle ndani waone kima watafanya nini. Na kila asubuhi Asenath aliokota vinyesi vyao, vikapelekwa maabara Nairobi kupimwa homoni.

"Wanasema iko homoni ya hofu na iko ya uzazi. Ile ya hofu ikiwa juu, ya uzazi inalala. Lavenda ililaza dume tu, likakoroma kama mzee. Vanila, wao walilamba kitambaa mpaka kikaisha. Lakini huu udi! Huu ukifukizwa, wanatulia wote. Iko jike moja ndio anaupenda kabisa. Anakuja mpaka kwa wavu, anajipaka moshi hapa shingoni hivi, kama mama wa Kipini."

"Haya," alisema Mwanaarusi. Meno yalikuwa yamebana.

"Sadik mwenyewe amempa jina. Anaitwa Arusi."

Shangazi, aliyekuwa nyuma akichambua iliki, akasema "Lahaula!" na kuziba mdomo.  Mwanaarusi aliziokota karafuu chini, moja moja. Alimpa mwanamume huyo moyo wake, naye akamrudishia aibu. Alimpa udi, naye akawapa kima. Sasa hata jina lake, jina alilopewa na bibi yake, linaitwa vizimbani asubuhi na jioni!

"Na mbona ana haraka hivi ya udi?" aliuliza.

"Alhamisi wageni wanakuja kutoka Nairobi. Wakipendezwa, kituo itaendelea. Wasipopendezwa, inafungwa, Sadik anaenda nyumbani kuchunga ng'ombe. Hata mamake ataletwa aone kazi ya mwanawe."

Mwanaarusi alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Mwambie mkubwa wako fundi amepatikana. Mimi nitaleta udi mwenyewe asubuhi ya Alhamisi, na nitaufukiza kwa mkono wangu. Jina langu usimtajie. Mwambie ni mama mmoja tu wa sokoni."

Asenath alipoondoka, shangazi akamsogelea. "Mwanangu, nakuona macho yako. Usende kule na moyo huo."

"Moyo upi, shangazi? Ule aliuchukua."

Jioni ile alikwenda kwa mzee Kotile, mfugaji aliyekuwa na zizi nje ya mji. Kotile aliwahi kumuua kwa mkuki chui aliyeingia kwa ndama wake, na mafuta ya chui yule aliyaweka kwenye kibuyu. Wakulima wa Kilelengwani walikuja kwake mara kwa mara wakati wa mahindi. Walitia mafuta hayo kidogo kwenye matambara na kuyafunga kwenye miti pembeni mwa shamba, na kima waliposikia harufu ile hawakukaribia. Wengine walianguka kutoka matawini kwa hofu.

"Una shamba wapi wewe?" Kotile alimuuliza.

"Ninalo moja," alisema Mwanaarusi. "Liliingiliwa."

Akaenda kupika. Alikuwa mdogo bibi yake alipomfundisha kuunga udi, na mikono yake ilikumbuka kila kitu. Alipoanza kuukoroga akagundua kwamba hawezi kuuharibu udi wa Bi Asmaa moja kwa moja. Ilibidi kwanza autengeneze sawasawa, kwa heshima ya marehemu. Ulipoiva, ukanukia vile vile, machozi yakamtoka bila ruhusa yake. Aliyafuta kwa ncha ya leso, akajitukana. Kisha akaugawa udi mara mbili. Sehemu moja aliifunga kwenye kitambaa na kuiweka kifuani. Sehemu ya pili aliikanda na mafuta ya chui mpaka vidole vikateleza, akaviringa madonge, akayatia kwenye kopo na kulifunika vizuri.

Aliona picha yote mbele yake. Wageni wamekaa. Sadik amesimama kifua mbele. Makaa yanawaka, moshi unapanda, na mara kima wote wanapiga mayowe, wanajigonga kwenye nyavu, na huyo Arusi wao anatafuta pa kujificha. Basi na aone. Na ajue kusimama mbele ya watu huku uso umemshuka.

*

Alhamisi asubuhi Asenath alimfungulia lango. Kituo kilikuwa uwanja mpana uliofagiwa, vizimba vikiwa vimepangwa chini ya miti ya kivuli, na nyuma kabisa, upande wa mto, safu ya miti ya mikoma. Benchi za wageni zilikuwa tayari. Mwanaarusi alikuwa amevaa buibui na ushungi umemfunika mpaka puani, chetezo cha kufukizia mkono mmoja, kopo mkono mwingine.

Sadik alikuwa amewapa mgongo, anafunga kamba ya kizimba. Mgongo ule aliujua. Aliujua hata unavyoinama bega moja anapokuwa na wasiwasi. Na kuujua huko kukamtia hasira zaidi kuliko yote.

"Mama, karibu," alisema Sadik bila kugeuka. "Asante kwa kuja. Weka chetezo pale, upepo unatoka upande huu. Asenath amekueleza?"

"Amenieleza. Ameniambia na jina la kima wako."

Kamba ilimtoka mkononi. Akageuka polepole. Alikuwa amekonda, na ndevu zilikuwa zimeanza kujaa kidevuni. Macho yalikuwa yale yale, yale marefu yenye kope nzito, na sasa yalimtazama kama vile hayaamini yanachokiona.

"Mwana," alisema.

"Usiniite. Jina langu sasa lina mkia."

Asenath aliwatazama wote wawili, akaelewa kwamba hapa hapakuwa na kazi yake, akachukua fagio na kwenda kufagia mahali palipofagiwa.

"Mwana, nisikilize."

"Nikusikilize nini? Nilikaa chumbani siku nzima, Sadik. Nimepakwa hina, nimefukizwa mpaka kwenye nywele. Kila nikiuliza naambiwa ngoja, labda gari limekwama. Wageni wamekaa ukumbini, wamekula, wamenyamaza. Mwishowe akaja Dabaso, dereva wenu, akasimama mlangoni, kofia mkononi, na wajumbe wawili tu: yeye na aibu yake. Unajua alisema nini?"

Sadik aliinamisha kichwa.

"Sema! Unajua?"

"Alisema, mama amesema msimngoje."

"Msimngoje! Basi. Hata 'samahani' hakutumwa nayo. Na mimi mpumbavu nikawaambia watu, nitamngoja. Nikakaa kwenye kiti cha bibi arusi mpaka kila mtu amekwenda zake. Bibi yangu hakuinuka tena kitandani baada ya siku ile. Alikufa akiniuliza kama umekuja."

"Sikujua kama Bi Asmaa alikufa kwa ajili hiyo," alisema Sadik. "Wallahi sikujua."

"Ungejua vipi? Ulikuwa unafukiza kima."

 Kutoka kwenye vizimba kima walikuwa wakiita kwa sauti za chini, zile za kuulizana.

"Mama alitandaza shela yake barabarani," alisema Sadik. "Mbele ya gari. Tulikuwa tumekwisha kupanda, mimi na binamu zangu. Akaivua kichwani mbele za watu, akaitandaza, akasema: pita juu yake ukaoe watu wa pwani, lakini radhi zangu huna, wala maziwa niliyokunyonyesha si halali yako. Nikashindwa kuikanyaga, Mwana. Nilishindwa."

"Na kushuka uzunguke kando, ulishindwa? Shela ya mamako ni pana kama mto Tana?"

 Mwanaarusi aliona neno limemwingia, akafurahi, kisha furaha ikamwumiza.

"Na udi wangu je? Huo nao mamako alikwambia uufukizie wanyama?"

"Mama alinusa siku moja kwenye kanzu yangu, akachukua chetezo akakirusha uani. Akaniambia harufu ile isiingie nyumbani kwake. Ndiyo nikalileta kopo huku. Huku nilikuwa siufukizi. Nalifungua tu jioni, nanusa, nafunga. Unacheka?"

"Sicheki. Endelea."

"Yule jike tulimtoa juu ya mti kwenye mafuriko, amemkumbatia mtoto wake, na mtoto amekwisha kufa. Alikataa kula. Homoni ya hofu ilikuwa juu kiasi ambacho kule maabara waliuliza kama tumekosea kupima. Alikaa pembe moja tu, anatazama njia ya kuingilia, asubuhi mpaka jioni. Tulijaribu kila harufu. Siku moja nikasahau kopo lako wazi pale dirishani. Nikamwona ameshuka, amekuja mpaka kwenye wavu, ananyoosha mkono." Sadik aliuonyesha wavu ule. "Nikachoma kidogo. Akala siku ile ile. Tukaendelea, chembe kwa chembe, na hofu ikashuka mwezi hadi mwezi."

"Na jina?"

"Kwa sababu alikuwa anangoja," alisema Sadik. "Anatazama njia, na hakuna anayekuja. Nilipomwona vile nilijua jambo kama hilo nimemfanyia nani."

Mwanaarusi aligeuza uso. Ndani ya kizimba cha kwanza, kwenye tawi la chini, alikaa jike mwenye kishungi kichwani na kope nyeupe, mkono mmoja umelishika tumbo. Alikuwa akimtazama Mwanaarusi moja kwa moja, pua ikimcheza. Kilichomvuta kilikuwa kile kitambaa cha udi kifuani.

"Tumbo lake," alisema Mwanaarusi.

"Ana mimba. Ya kwanza hapa kituoni. Wageni wanakuja kumwona yeye. Akishtuka sasa ataiharibu, daktari wa wanyama ametuonya. Ndiyo maana nilitaka udi ule ule, si mwingine."

Kopo likawa zito mkononi mwake. Alilitazama, akamtazama jike. Kwa Sadik alikuwa tayari kwa lolote. Lakini kiumbe huyu alikuwa ameshapoteza mtoto mmoja na amekaa akitazama njia, na hakumwahidi mtu chochote. Kumpiga huyu ili yule aumie kulikuwa ni kazi ya Kaltuma, si yake. Ghadhabu haikumtoka hata kidogo. Ilihama tu mahali, ikatulia, na akili ikamfunguka.

"Sadik," alisema kwa upole, "wewe unaikumbuka kweli harufu ile?"

"Unaniuliza?"

"Udi nimeuunga kwa kukumbuka tu. Huenda nimekosea kipimo. Wewe umeunusa kuliko mimi, kila jioni ati. Hebu njoo huku kando, mbali na kima, uunuse kabla sijaufukiza."

Alimwongoza mpaka nyuma, upande upepo ulikokuwa ukienda, karibu na mikoma. Akafungua kopo, akamdondoshea donge moja kiganjani bila kuligusa, akakifunga kiganja kwa vidole vyake mwenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza kugusana tangu siku za uchumba. Sadik alifumba macho. Akalisugua donge kwa viganja vyote viwili, kama wafanyavyo watu wanaotaka kuamsha udi, akaviinua usoni, akavipitisha ndevuni na kifuani kwenye shati lake jeupe la wageni.

"Ni wenyewe," alinong'ona. "Wallahi, Mwana, ni wenyewe." Akavuta pumzi tena. Uso ukabadilika. Mtoto wa mfugaji aliyelala zizini tangu utotoni hahitaji kuambiwa. "Lakini hapa chini kuna... Mwana, hiki ni nini?"

"Mafuta ya chui."

Alifungua macho. Akatazama mikono yake, shati lake, kisha vizimba kule mbele. Alielewa yote kwa pamoja, hata yale ambayo Mwanaarusi alikuwa amekusudia mwanzo.

"Ulitaka kuwafukizia hii?"

"Nilitaka. Nimeghairi kwa ajili ya mwenzangu yule mwenye mimba. Kwako sijaghairi."

"Wageni wanafika sasa hivi! Nitasimamaje mbele yao? Nikikaribia tu..."

"Ukikaribia, Arusi ataruka mpaka juu ya paa, na mtoto wake utakuwa umemwua wewe. Kwa hiyo hutakaribia." Alifunika kopo. "Mafuta ya chui hayatoki kwa maji, unajua kuliko mimi. Yanataka majivu, sabuni, na jua la siku nzima. Kaa hapa hapa kwenye mikoma. Utawaona wageni wakiingia, utawasikia wakikuuliza, na hutaweza kuja. Uone kunakuwaje."

Sadik alipiga hatua moja mbele. Upepo ukayumba kidogo, na kutoka kizimba cha mwisho dume likapiga ukelele mmoja mkali. Alirudi nyuma mara moja, mikono ameiinua mbali na mwili wake. Hakukasirika. Hilo ndilo lililomchoma Mwanaarusi, maana alikuwa amejiandaa kwa hasira zake.

"Ni haki yako," alisema. "Lakini niambie kitu kimoja. Nikitakata, nije Kipini?"

"Ukija peke yako utarudi peke yako. Aliyesema msimngoje aje mwenyewe aseme jingine. Kwa mdomo wake, mlangoni petu, mbele za watu waliokuwapo."

"Mama yangu hawezi..."

"Basi mkae na shela yenu," alisema Mwanaarusi, akamwacha.

*

Gari la wageni liliingia likifuatwa na vumbi. Walishuka mabwana wawili, bibi mmoja mwenye miwani, na nyuma yao, akishikwa mkono na Dabaso, Mama Kaltuma mwenyewe. Alikuwa mrefu, mkavu, shela mpya nyeusi yenye nakshi ikiwa imemkaa kichwani vizuri. Alikuwa amevaa kwa ajili ya siku ya fahari ya mwanawe.

"Karibuni," alisema Mwanaarusi, ushungi ukiwa ungali puani. Asenath alitaka kuuliza jambo. Mwanaarusi akamtazama, naye akalimeza swali lake.

Alifungua kitambaa cha kifuani, akatia chembe kwenye makaa. Moshi ukapanda taratibu, ukaelekea vizimbani. Kelele zikapungua, kisha zikaisha. Arusi aliteremka tawi kwa tawi, huku mkono mmoja hauliachi tumbo, akaja mpaka kwenye wavu na kujipitishia moshi shingoni. Kisha akafanya kitu ambacho Asenath alisimulia kwao mpaka watu wakachoka kumsikia: alikaa chini mbele ya Mwanaarusi, akafumba macho. Yule bibi wa miwani aliweka mkono moyoni. Mabwana walinong'onezana wakitikisa vichwa kwa kukubali.

"Kazi nzuri mno," mmoja alisema. "Bwana Sadik yuko wapi tumpongeze?"

Mwanaarusi aliongeza kaa moja kwenye chetezo. "Ngojeni kidogo. Labda gari limekwama."

Wakangoja. Asenath aliwaletea soda, wakanywa. Walizunguka vizimba, wakarudi, wakatazama saa zao. Kule nyuma ya mikoma, doa la shati jeupe lilisimama bila kusogea, na kila Mwanaarusi alipoliona aliona utamu, na chini ya utamu maumivu yale yale ya zamani. Alimpenda. Laiti angekuwa hampendi, kisasi hiki kingekuwa chepesi.

Mama Kaltuma alikuwa amekaa benchi ya mbele.  Tangu moshi ulipompitia, pua zake zilikuwa zimebana, na macho yalikuwa yakihama kutoka kwenye chetezo kwenda kwenye mkono uliokishika, mkono wenye hina. Mwishowe akainuka, akamwendea Mwanaarusi mpaka wakawa uso kwa uso.

"Hii harufu mimi najua," alisema. "Kijana yangu iko wapi?"

Mwanaarusi alishusha ushungi.

Mama Kaltuma alirudi hatua moja. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye shela, ukaikamata, kana kwamba kuna mtu anataka kuivua.

"Sadik iko wapi?" aliuliza tena, na safari hii sauti haikuwa na amri ndani yake. "Watu wanauliza yeye. Mimi nawaambia nini?"

"Waambie msimngoje."

Wageni walikuwa wakisikiliza. Dabaso aliyasikia maneno yale, akavua kofia, akatazama chini. Mama Kaltuma aliwatazama watu wote wale waliomtazama yeye, akalitazama lango, akatazama njia tupu.  Akarudi benchi kwa mwendo wa kizee ambao hakuingia nao, akakaa, akaweka mikono magotini.

"Mimi nitangoja yeye," alisema.

"Hata mimi nilisema hivyo hivyo, mama," alijibu Mwanaarusi, akaketi kando yake.